Mgonjwa wa Kachumbari

Siku nyingi za mwaka sili nyama, na hapa Gatongora, Ruiru, hakuna aliyewahi kuniuliza kulikoni. Mwezi ukishavuka katikati, nyumbani kwetu ni githeri Jumatatu, ndengu Jumanne, na Jumatano githeri ile ya Jumatatu hurudi mezani imechanganywa na viazi na karoti ili isitambulike. Majirani hupita, hunusa, huendelea na safari zao. Mama mboga wa stejini hunikatia sukuma wiki bila kunipa pole. Mwenye bucha naye hunipungia mkono kwa heshima zote, maana anajua tutaonana tarehe 30. Hakuna anayeshuku kwamba nimeingia dhehebu geni au nimekosana na mama watoto. Wote wanajua ni mfuko, na mfuko hauhitaji maelezo.

Taabu huanza ukiikataa nyama na pesa unazo. Tena mchana kweupe. Tena Disemba.

Wazungu huchoma nyama zao kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ambapo sisi wa Ruiru tumejikunyata ndani ya masweta kwa baridi ya Julai, tukilinda jiko la makaa lisizimike. Zamu yetu huja mvua za vuli zikikatika. Shule zimefungwa, walio ng'ambo wametua na masanduku yao, na kuanzia Sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 hadi Mwaka Mpya, ukiiacha Thika Road na kushika Eastern Bypass kuelekea Kamakis, unaweza kuendesha gari umefumba macho ukifuata harufu tu. (Sikushauri. Wa bodaboda wa huko nao huendesha hivyo hivyo.) Huu ndio mji ulioipa nchi kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, lakini mgeni wa leo akishuka haulizi habari za kahawa. Mashamba mengi yamekatwa ploti, na kwenye ploti nyingine kilichoota ni majiko ya kuchomea mbuzi.

Aliyenitumbukiza kwenye taabu hiyo ni binti yangu wa Gredi ya 8. Jioni moja, nikiwa nahangaika na mfupa uliogoma kutoa uboho, akaanza kunisomea mambo ya ng'ombe na hewa. Ng'ombe akicheua, alisema, tumbo lake hutengeneza gesi ya methani, na sehemu kubwa ya gesi hiyo hutoka mdomoni, si kule ambako mimi nilidhani. Akaniambia kwamba hapa hapa Nairobi, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kuna vyumba maalumu ambamo mnyama hufungiwa ili hewa anayotoa ipimwe. Kwamba mwaka 2006 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema mifugo inachangia asilimia 18 ya gesi zinazoipasha dunia joto, na mwaka 2013 likaja na hesabu nyingine ya asilimia 14.5. Nikamwambia basi tuendelee kula, kwa mwendo huo wa kushuka tutafika sifuri karibuni. Hakucheka. Watoto wa mtaala huu mpya hawacheki, wanaandika.

"Baba, wewe huwezi kukaa siku moja bila nyama."

"Mimi? Si huwa tunakaa hata wiki mbili humu ndani?"

"Hizo ni siku ambazo haiko. Mimi nasema siku ambayo iko."

Nikakubali, tena kwa majivuno, kwa sababu niliona historia iko upande wangu. Mwaka 1931 watafiti wawili, John Boyd Orr pamoja na Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya koloni la Kenya, walichapisha ripoti juu ya maumbile na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Wamaasai, waliandika, huishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu huishi kwa nafaka, viazi, kunde na majani. Wakapima watu. Mwanamume wa Kimaasai akaonekana kumzidi Mkikuyu urefu kwa inchi 5, uzito kwa pauni 23, na nguvu za misuli kwa nusu nzima. Basi babu zetu wakaingia kwenye vitabu vya lishe vya dunia wakiwa mfano wa watu wafupi wala majani. Boyd Orr hakuishia hapo. Mwaka 1945 alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa FAO, shirika lile lile la asilimia 18, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi nina nadharia yangu kwamba Kamakis yote ni sisi tukizitafuta zile inchi 5. Nimezitafuta kwa miaka mingi na zimepatikana, ila zimekaa kiunoni.

Kwa hiyo nilimwambia binti kwamba siku moja bila nyama ni urithi wangu. Akachukua daftari akaandika masharti. Kuku ni nyama. Samaki ni nyama. Supu ni nyama iliyoyeyuka. Mayai na maziwa ruhusa. Nikishinda, ataosha vyombo likizo nzima bila kukumbushwa. Nikishindwa, nitamnunulia simu ambayo mama yake alishakataa. Kuhusu siku yenyewe, alikuwa ameshaichagua: Jumamosi. Nikaangalia kalenda. Saa sita mchana, mkutano wa mwisho wa mwaka wa chama chetu, Kamakis. Saa kumi, kwa wakwe zangu, mbuzi wa kumkaribisha shemeji aliyerudi kutoka Dallas. Mtoto alikuwa ameisoma ratiba yangu kabla hajafungua mdomo.

Asubuhi ilikwenda vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nduma nilikula, ila nduma hujaza tumbo bila kuliarifu, na kufika saa nne nilikuwa stejini nikiangalia kibanda cha githeri. Binti alikuwa nyuma yangu. Alisema ametumwa dukani, lakini sikuona akinunua kitu.

"Mama, hii githeri ina nyama?"

"Haina."

Nikaagiza sahani. Kijiko kilikuwa njiani binti alipouliza kwa upole, "Umeipika na nini?"

"Na supu ya mifupa, mwanangu, ndiyo iwe tamu."

Nikamgeukia mama wa kibanda. Akanishangaa. "Si umeuliza nyama? Mfupa ni nyama?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria wakajiteua mahakama. Mmoja alishikilia kwamba mfupa ni jiwe la ndani, na jiwe halina dhambi. Mwingine akauliza, kama mfupa ni jiwe, kwa nini mbwa hali kokoto? Hoja hiyo ilikubaliwa na wengi. Sahani ikarudishwa, nikailipia, akaila yule wa hoja ya jiwe. Mama akanionea huruma akanipakulia kabeji. Binti akaomba kuiona pakiti ya kiungo iliyotumika, akasoma kwa sauti: ladha ya ng'ombe. Nikajitetea kwamba ladha si mnyama. Pengine hata hakuna ng'ombe aliyesumbuliwa kutengeneza unga ule. Akafikiri kwa muda, akaamua kwamba kwa kuwa hajui, hataruhusu. Nilikula mkate na avokado nimesimama, vijana wakinitazama kwa masikitiko.

"Mzee, ni madeni?" mmoja aliuliza.

Kamakis saa sita ilikuwa imejaa. Wasiopajua wanafikiri unaenda kula. Ukweli ni kwamba unaenda kusubiri. Kwanza mnakwenda wote kwenye dirisha la bucha kutazama mizoga iliyoning'inia, na hapo kila mwanamume huwa mtaalamu. Huyu anataka mbavu za upande wa kushoto, yule anasema mbuzi mwenye mafuta meupe hivi ametoka mbali, mwingine anabonyeza paja na kutikisa kichwa bila kusema anatafuta nini. Nyama inapimwa, inawekewa alama ili isichanganywe na ya meza nyingine, inapelekwa motoni. Kisha mnakaa saa nzima mkizungumza habari za serikali. Mimi saa hiyo yote nilikuwa salama, sawa na wenzangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakula. Ningependa nyama choma iishie hapo.

Nilimwita mhudumu pembeni nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna chakula kisicho na nyama.

"Kipo, mkubwa. Kuku."

"Kuku ni nyama."

Akanichunguza usoni kuona kama namjaribu. "Samaki?"

"Mboga tu."

"Managu tunayo," akasema, na moyo wangu ukatulia, kisha akaongeza kwa fahari, "tunaikaanga kwa yale mafuta yanayodondoka."

Tukaelewana: ugali na kachumbari. Aliandika polepole, akarudi mara ya pili kuuliza kama nina hakika.

Kwa wasiojua desturi ya ubao, nyama haianzi kuliwa mpaka ionjwe. Mchomaji huja na mguu au ubavu mzima kwenye ubao, hukata kipande kimoja, hukichovya kwenye chumvi iliyo pembeni, halafu humnyooshea mtu mmoja kwa ncha ya kisu. Mtu huyo huonja na kutoa hukumu: bado, au leta. Katika chama chetu mwonjaji ni mimi. Sikugombea cheo hicho, nilikipata kwa sababu naketi karibu na njia. Ncha ya kisu ikaja moja kwa moja usawa wa pua yangu.

"Mpe mwingine," nikasema.

Kisu hakikusogea. Wanaume tisa wakanyamaza. Mwenyekiti akaweka chini miwani yake.

"Leo sionji."

Mchomaji alikuwa na meza nyingine kumi za kuhudumia. Akaukaribisha mkono. Kipande kilikuwa cha ubavu, kimekaushwa vizuri pembeni, mafuta yakichemka bado, na kwa heshima ya dau nikainuka na kurudi nyuma hatua moja. Kisu kikafuata. Nikarudi nyingine. Nilikuwa nimevaa ndala, na nyuma yangu palikuwa na benchi la mvule ambalo sidhani limewahi kuhamishwa tangu lifikishwe pale. Nilipogeuka, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliingia chini yake kwa nguvu zangu zote.

Sitaeleza maumivu. Nilitoa neno ambalo katibu hakuliandika kwenye kumbukumbu. Nikapewa kiti, mtu akaleta barafu kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na harufu ya figo, na mkutano ukaendelea kwa taarifa ya mweka hazina. Mbuzi akaliwa mbele yangu hadi mfupa wa mwisho. Bili ilipokuja ikagawanywa sawa kwa sawa, shilingi 1,500 kila kichwa. Nikauliza kama mtu aliyekula kachumbari anaweza kufikiriwa tofauti. Mwenyekiti akasema katiba ya chama haina kipengele cha kachumbari.

Kufika kwa wakwe, kidole kilikuwa kimevimba na kuiva rangi ya biringanya. Niliingia getini nikichechemea, mke wangu amenitangulia na sufuria, binti nyuma na daftari.

Mkwe akikaribishwa huelekezwa nyuma ya nyumba, kwenye moto, waliko wanaume. Shemeji wa Dallas alikuwa amesimama kando ya jiko la mapipa akiwapa wazee mhadhara juu ya barbekyu za huko: wanavyochoma tarehe 4 Julai kwa mitungi ya gesi, jiko lina kipimajoto, nyama inapakwa kitu kitamu kutoka kwenye chupa. Mzee mmoja aliuliza kama kipimajoto kile ni cha jiko au cha mpishi. Mutura ilikuwa imeshachemshwa na sasa inageuzwa juu ya makaa, ikitoa ile harufu ya damu, tangawizi na pilipili ambayo hakuna kamati ya maadili imewahi kuishinda. Baba mkwe, ambaye kwa kawaida huzungumza nami kwa vichwa vya habari tu, akainuka mwenyewe. Akakata kipande cha mutura, akaniletea kwa mkono.

"Muthoni, karibu," akasema, yaani mkwe wake.

Huwezi kumwambia baba mkwe habari za methani. Nilipokea, nikashukuru, nikakishika. Kikapoa. Nikahamishia mkono wa kushoto ili nisalimie watu, nikarudisha wa kulia. Wazee ni watu wanaohesabu. Kwenye ngurario, sherehe ya ndoa ya kimila, mtu akikosea kiungo kimoja cha mbuzi, nani apewe masikio, nani akate kiande, yaani bega, wanaona kutoka upande wa pili wa uwanja. Walishaona kwamba kipande changu hakipungui.

"Humezi?" akauliza mjomba wa mke wangu.

"Leo nimepumzika nyama kidogo, mjomba."

Kukawa kimya. Kisha macho yote, kwa pamoja, yakashuka hadi mguuni kwangu.

Nilijaribu kusema benchi. Nilisema benchi, nikalitaja na mbao zake. Lakini katika kijiji cha wanaume wa umri ule, mtu anayechechemea, kidole gumba kimevimba, na anakataa mbuzi, hana haja ya kujieleza zaidi. Mjomba akanishika bega.

"Ni gauti. Usione aibu. Hata mimi ilinipata."

Akaitwa shangazi, muuguzi mstaafu, kutoka jikoni. Akainama, akakibonyeza kidole, nikaruka, akasimama akiwa na uhakika. Jongo, alisema kwa Kiswahili chake cha wodini. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, inaganda kwenye viungo, na hupenda kuanzia pale pale kwenye kidole gumba. Nyama nyekundu marufuku. Nikaona hapa nimepata mwokozi. Daktari wa familia ameidhinisha dau langu. Nikatikisa kichwa kukubaliana naye.

"Na pombe," akaendelea.

Pembe ya muratina, niliyokuwa nimeshaahidiwa, ikasimama njiani na kurudi ilikotoka. Hapo niliumia zaidi ya kidole. Muratina huchachushwa kwa asali au miwa na tunda kavu la mwegea, tunda refu nene linaloning'inia mtini mfano wa soseji, na nilikuwa nimejipangia moyoni kwamba hiyo ndiyo soseji yangu halali ya siku. Shemeji wa Dallas akanionea huruma. Kule Marekani, alisema akiwa na ubavu mdomoni, watu wengi sasa wana siku zao za kupumzika nyama. Akataja kampeni ya kila Jumatatu iliyoanza 2003, na kwamba hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, serikali iliwaomba raia wapunguze nyama ili askari wapate. Akasema yeye mwenyewe amewahi kula baga ya mimea tupu na hakufa. Ndiye mtu pekee aliyenitetea siku nzima, na kila sentensi aliisindikiza kwa kufuta mafuta kidevuni.

"Kumbe kuna vita?" akauliza mzee wa kipimajoto.

Binti aliona mambo yanaharibika akaamua kuokoa jahazi. Akajipenyeza kati ya wazee na kueleza kwa adabu: "Guka, Baba si mgonjwa. Ni kwa sababu ya gesi."

"Ana gesi pia," mjomba akawatangazia wa nyuma.

"Gesi ya ng'ombe, Guka. Inatoka tumboni."

"Tumboni," mjomba akarudia, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta namba ya hospitali. Nilisikia neno vidonda likipita kutoka kiti hadi kiti. Lilipofika upande wa kuku lilikuwa limeshakua.

Nikapelekwa jikoni, nikaketi na akina mama, maana ndiko chakula cha wagonjwa kilipo. Naomba niseme jambo ambalo wanaume wa nyuma ya nyumba hawalijui. Wao huko wanagombana juu ya mbavu na kudhani wanatawala mbuzi. Jikoni nilikuta sahani imefunikwa kwa kitambaa, na chini ya kitambaa maini yote, yamekaangwa kwa kitunguu na dhania. Yalikuwa yamefika huko kabla wazee hawajakumbuka kwamba mbuzi ana maini. Mama mkwe aliniona nikiona. Akaifunika sahani tena taratibu, na nikaelewa kwamba mimi na yeye sasa tuna siri.

Kilichonifurahisha ni njahi. Sufuria nzima, nyeusi, nzito, na mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge ukifuka pembeni. Hiki ndicho chakula ambacho mama wa Kikuyu akijifungua hupikiwa apate nguvu, chakula cha wale wala majani wa 1931, na hakikuwa na mfupa, supu wala ladha ya ng'ombe. Binti alihakikisha. Nikapakuliwa sahani iliyojaa hadi ukingoni. Nilikuwa nimebakiza sekunde chache kuingia peponi shangazi alipotokea mlangoni.

"Nani amempa maharagwe? Mtu wa gauti hali kunde!"

Sahani ikaondolewa mikononi mwangu. Njahi ikaenda kwa watoto. Nikabaki na mukimo, lakini shangazi akagundua una minji ndani, na minji nayo, alisema, ni ukoo ule ule. Mwanamke mwingine akashauri nisipewe nyanya. Mwingine alisikia kwamba hata avokado. Kufika saa moja jioni, mtoto alikuwa amenizuia kilicho na damu na shangazi amenizuia kilicho na ganda, na baina ya sayansi mbili hizo palikuwa pamebaki kabeji ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Sukari ilizuiwa kwa tahadhari tu.

Niliila kabeji ile. Wapwa zangu wawili walikuja kusimama mlangoni kuniangalia, mmoja akiwa na sikio la mbuzi mkononi, ambalo alipewa ili awe msikivu. Akasikiliza kila kitu.

Tulipoondoka nilipewa maombi. Hayakuwa mafupi. Baba mkwe, ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunigusa zaidi ya mkono wa salamu, aliniwekea kiganja kichwani. Ningeweza kusema ukweli wakati huo, lakini kila nilipofungua mdomo, mtu alisema, "Usijisumbue kuongea." Ndani ya gari binti aliandika kwenye daftari kwamba nimefaulu hadi sasa, zimebaki saa nne. Mke wangu hakusema kitu hadi tulipovuka reli. Halafu akacheka mpaka ikabidi nisimamishe gari kando.

Saa tatu usiku simu yangu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Picha ya kundi ilikuwa mimi, imepigwa jikoni, nimeshika kikombe cha chai, uso umekunjamana kwa sababu ya kabeji, na kwa kweli kama ningemwona mtu yule mahali ningemchangia. Wanachama walikuwa 64 na wengine walikuwa bado wanaongezwa: wakwe, wanachama wenzangu wa Kamakis ambao sasa walijilaumu kwa ile 1,500, na hata mwenye bucha, aliyeandika kwamba ana masikitiko makubwa na kwamba ndugu asisahau kuwa tarehe 30 milango iko wazi. Mjomba alikuwa ameanza na shilingi 2,000. Shemeji wa Dallas aliahidi kwa dola. Shangazi aliandika orodha ya vipimo. Yule kijana wa bodaboda wa hoja ya jiwe, sijui namba yake ilipatikana wapi, alituma 50 na ujumbe: "Nilijua si madeni."

Nikaandika maelezo marefu. Nilieleza dau, benchi, methani, kila kitu kwa mpangilio. Yalisomwa na wote. Kukawa na ukimya mrefu, kisha mtu akajibu, "Pole sana, dawa zinaweza kuchanganya akili," na michango ikaongezeka.

Jumatatu mke wangu alipiga simu huku na huku akawaeleza yeye, na kwa kuwa aliyesema ni yeye, walimwamini mara moja. Ikabaki fedha: shilingi 38,450, zimeshachangwa kwa kusudi jema. Kurudishia watu 64, mweka hazina alisema, ada za kutuma zingekula sehemu kubwa, na wengine wangeona wametukanwa. Kikao kikafanyika kundini usiku huo. Kufika asubuhi walikuwa wameshaafikiana kwamba wanunuliwe mbuzi wawili, wa shukrani kwa Mungu kwa kunipa afya, wachinjwe Jumamosi inayofuata kwa baba mkwe, na kipande cha kwanza nionje mimi. Nikakubali. Binti, ambaye sasa anaosha vyombo kwa kelele, ameomba aachiwe maini.

Jana mweka hazina aliniandikia pembeni. Alikuwa akifunga hesabu, alisema, na ameona kwenye orodha kwamba kila mtu ametiwa tiki isipokuwa mmoja: mimi mwenyewe sijachangia kitu.